Miezi Minane Kabla ya Chuo: Mwongozo wa Kujiandaa kwa Hisabati ya Uhandisi Ukiwa Lamu

Mwanafunzi anayefanya mtihani wa KCSE hapa Lamu huweka kalamu chini mwezi wa Novemba, kaskazi ikikaribia kuvuma, na akiitwa chuo kikuu huripoti mnamo Agosti au Septemba, kusi ikielekea kuisha. Baina ya pepo hizo mbili ana miezi minane au tisa, na wengi huimaliza kwa kungoja: kungoja matokeo, kungoja nafasi kutoka KUCCPS, taasisi inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, kungoja mkopo. Mwongozo huu ni wa yule aliyechagua uhandisi na anayetaka kuitumia miezi hiyo kwa hisabati. Kwa niliyoyaona, wanafunzi wetu huangushwa na kasi ya masomo ya chuo zaidi ya ugumu wake, na anayeihimili kasi hiyo ni yule ambaye amekwisha kuzishika zana za hisabati kwa mkono wake, juu ya vitu anavyoviona kila siku, kabla hajaandikiwa ubaoni.

Hatua ya kwanza: lijue pengo lenyewe

Silabasi ya kidato cha nne inaigusa kalkulasi, lakini inaigusa ukingoni. Mwanafunzi hujifunza difrensiesheni na integresheni za polinomia pekee, yaani semi kama 3x² + 5x − 2. Hutafuta mteremko wa tanjenti, kasi na mchapuko wa kitu kinachokwenda, na eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Difrensiesheni ya sini na kosini haimo, ya logariti haimo, wala ya kipeo eˣ. Kanuni ya mnyororo, ya kudifrensisha fankisheni iliyo ndani ya fankisheni nyingine, haimo. Namba changamano hazimo. Kinyume cha matriki hutafutwa kwa matriki za mbili kwa mbili tu. Chukua mfano wa difrensiesheni ya (3x² + 1)⁵: kwa mbinu za shuleni itakubidi ufungue mabano yote ndipo uanze kazi, na huenda ukurasa ukakuishia, ilhali kwa kanuni ya mnyororo jibu ni 30x(3x² + 1)⁴, mstari mmoja. Mhadhiri ataieleza kanuni hiyo asubuhi moja, na wiki inayofuata ataitumia kana kwamba mlizaliwa nayo.

Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka mitano, na sehemu kubwa ya hisabati yake imewekwa katika miaka ya mwanzo. Majina ya masomo hutofautiana baina ya vyuo, lakini uende Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, uende Nairobi, Juja au Eldoret, utayakuta yale yale: kalkulasi ya kigeu kimoja, kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi, na takwimu. Kando yake kuna utangulizi wa uhandisi wenyewe, yaani uchoraji wa kiufundi, mekanika, umeme, kazi za karakana na uandishi wa programu za kompyuta. Usijaribu kuyamaliza yote nyumbani. Ukiishika kalkulasi ya kigeu kimoja barabara, ukaonja mekanika, na ukazifahamu aljebra ya mstari na milinganyo tofautishi kiasi cha kutozishangaa, utakuwa umefanya ya kutosha.

Hatua ya pili: jipime bila kikokotoo

Kabla ya kufungua somo lolote jipya, keti siku moja na karatasi tupu. Rahisisha (x² − 9)/(x² − x − 6) na useme ni thamani zipi za x zisizoruhusiwa. Tatua 3²ˣ = 7 ukiacha jibu katika logariti, kisha ukadirie kwa akili kama x ni kubwa au ndogo kuliko moja. Thibitisha kwa pembetatu kwamba sin² na kos² za pembe moja hujumlika kuwa 1. Chora grafu ya y = 1/x bila kupanga jedwali la namba. Tatua x² + 6x + 4 = 0 kwa kukamilisha mraba, wala si kwa fomula uliyoikariri.

Ukikwama katika moja au mawili, rudi kwenye daftari zako za kidato cha pili na cha tatu kwa wiki mbili. Ukikwama katika mengi, chukua mwezi mzima, na usione haya. Makosa mengi yanayoitwa makosa ya kalkulasi katika karatasi za mwaka wa kwanza ni makosa ya aljebra: mtu amefuata kanuni mpya sawasawa, kisha akapotelea kwenye mabano na sehemu. Majibu ya maswali mawili ya mwanzo, ili usiniulize, ni (x + 3)/(x + 2), ambapo x haiwezi kuwa 3 wala −2, na x = log 7 ÷ 2 log 3, ambayo ni karibu 0.886.

Hatua ya tatu: pakua mara moja, soma bila mtandao

Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa watu wote bila malipo, na hazina hiyo, MIT OpenCourseWare, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Masomo yake hutajwa kwa namba. Namba inayoanza na 18 ni ya hisabati: 18.01 ni kalkulasi ya kigeu kimoja, 18.02 ni ya vigeu vingi, 18.03 ni milinganyo tofautishi, na 18.06 ni aljebra ya mstari, iliyofundishwa kwa miaka mingi na Gilbert Strang. Masomo ya uhandisi wa mitambo huanza na 2, na ya umeme huanza na 6. Kwa anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu, faida kubwa ni kwamba maelezo, maswali ya mazoezi, mitihani na majibu yake vinaweza kupakuliwa na kuwekwa kwenye simu au kipakatalishi. Siku utakayopata mtandao wenye nguvu, pakua 18.01 nzima pamoja na kitabu cha kalkulasi cha OpenStax, ambacho nacho hutolewa bure na Chuo Kikuu cha Rice. Video zichague chache, kwa kuwa ndizo zinazokula bando.

Kuhusu video zenyewe nina neno. Mhadhara mzuri hukufanya uhisi umeelewa, na hisia hiyo ni ya udanganyifu kwa yeyote ambaye hajashika kalamu. Simamisha video kila mhadhiri anapouliza swali, andika mstari unaofuata wewe mwenyewe, ndipo uendelee. Saa moja ya video idai saa mbili za mazoezi. Wakati bora, kwa joto letu, ni baada ya sala ya alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kabla ya punda na mikokoteni kuanza kugombea vichochoro.

Jambo jingine la kuandaa ni daftari la istilahi. Utafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini hakuna anayekukataza kufikiri kwa Kiswahili. Upande mmoja wa ukurasa andika neno la Kiingereza kama linavyotumika kitabuni, upande wa pili lieleze kwa Kiswahili kwa sentensi nzima, si kwa neno moja. Ukishindwa kuikamilisha sentensi, swali lako la siku hiyo limepatikana.

Hatua ya nne: soma kalkulasi gatini

Kalkulasi ina maswali mawili makuu. La kwanza ni la difrensiesheni: kitu hiki kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi? La pili ni la integresheni: nikivijumlisha vibadiliko vyote vidogo vidogo, nitapata jumla gani? Mtu wa Lamu ana darasa la maswali yote mawili mbele ya mlango wake, nalo ni maji ya bahari.

Chukua ufito wa mita nne, uutie alama kila sentimita kumi, na uufunge kwenye nguzo ya gati kwa idhini ya wenye gati. Angalia ngazi, zina utelezi maji yanapopwa. Anza maji yakiwa yamekupwa kabisa, na uandike kimo chake kila baada ya nusu saa mpaka yajae, muda wa saa sita na zaidi kidogo. Peleka mwenzako mpokezane, kwani jua halina huruma.

Ukirudi nyumbani, chora grafu ya kimo dhidi ya wakati. Utaona mstari uliopinda ambao chini umelala, katikati umesimama, na juu umelala tena. Sasa gawanya badiliko la kimo kwa muda uliopita kwa kila nusu saa, na utapata kasi ya wastani ya kila kipande. Ukitaka kasi ya dakika moja mahususi, itakubidi kupunguza muda: robo saa, dakika tano, dakika moja. Thamani ambayo wastani huo unaielekea muda unapozidi kufupishwa ndiyo limiti, na limiti hiyo ndiyo difrensiesheni. Vitabu huanza na ufafanuzi wake wa herufi za Kigiriki, nao ni sahihi, lakini asomaye akiwa ametoka gatini atajua herufi hizo zinalinda nini.

Linganisha vipimo vyako na hesabu. Tuseme siku ya bamvua maji yalipanda mita 3 tangu kupwa hadi kujaa. Nguvu kuu ya mwezi huyarudisha maji mahali pake kila baada ya saa 12.42, kwa hiyo kimo kinaweza kukaribiwa na wimbi la sini lenye nusu-urefu wa mita 1.5 na mzunguko wa 2π ÷ 12.42, yaani radiani 0.506 kwa saa. Difrensiesheni ya sini ni kosini, na kwa kanuni ya mnyororo kasi ya juu kabisa ni 1.5 × 0.506, karibu sentimita 76 kwa saa, nayo hutokea katikati ya kujaa. Wastani wa muda wote ni sentimita 48 tu kwa saa. Mabaharia wana kanuni yao ya zamani ya mafungu kumi na mawili, inayosema kwamba katika saa sita za kujaa maji hupanda fungu moja, mawili, matatu, matatu, mawili, kisha moja; nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Jaribu kuipata kanuni hiyo kutoka kwa wimbi la kosini, kwa kutumia ukweli kwamba kosini ya nyuzi 60 ni nusu. Ukiipata, umefanya integresheni yako ya kwanza yenye maana.

Hapa nitoe onyo lililonigharimu. Katika mtihani wa mwaka wangu wa kwanza nilipoteza alama za swali zima kwa kuwa kikokotoo changu kilikuwa kwenye digrii. Kauli kwamba difrensiesheni ya sini ni kosini ni kweli kwa radiani peke yake. Ukitumia digrii, kila jibu hupungua kwa kuzidishwa na π/180, karibu 0.0175, na hakuna kengele inayolia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia vijana wazizoee radiani tangu nyumbani, mpaka π/6 iwajie haraka kama nyuzi 30.

Baada ya zoezi la gati, fuata mpangilio wa 18.01: difrensiesheni, matumizi yake, integresheni, mbinu za integresheni, kisha mfululizo usio na kikomo. Mbinu za integresheni ndizo zinazochosha. Zipe mwezi, maswali matano kila siku, na usitazame jibu kabla dakika ishirini hazijapita.

Hatua ya tano: tia mekanika mapema

Makosa ya wengi ni kungoja hisabati iishe ndipo waanze uhandisi. Nashauri mekanika ianze mwezi wa tatu, sambamba na kalkulasi, kwa sababu mekanika ya vitu vilivyotulia inahitaji vekta, trigonometria na uangalifu, basi.

Umeyaona mashindano ya mashua: upepo ukizidi, mabaharia hutoka na kukalia ubao uliochomoza nje ya chombo upande wa upepo. Watu wawili wa kilo 60 kila mmoja, wakikaa mita 2 kutoka mstari wa katikati ya mashua, wanatoa kani ya 120 × 9.81, yaani nyutoni 1,177, na momenti ya nyutoni-mita 2,354 dhidi ya ile ya upepo inayotaka kuipindua. Wakisogea nusu mita zaidi, momenti inafika 2,943 bila kuongeza mtu. Kazi yako ni kuichora mashua peke yake, imetengwa na kila kitu, kisha uonyeshe kwa mishale kani zote zinazoigusa: uzito wake, uzito wa watu, msukumo wa maji kutoka chini, upepo kwenye tanga. Mchoro huo ndio msingi wa mekanika yote, na anayeuruka hukosa hata akiwa hodari wa hesabu.

Zoezi la pili limo ndani ya nyumba. Vyumba vya nyumba za kale za mji wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, chini ya mita tatu hivi. Pima chumba kimoja: upana wake, kipenyo cha boriti, na nafasi kati ya boriti na boriti. Kichore kwa kipimo cha 1:50, na hapo utakuwa umeanza uchoraji wa kiufundi pia.

Kisha jiulize kwa nini mafundi hawakupanua vyumba kwa kutafuta mikoko mirefu kidogo. Boriti iliyoegemezwa ncha zake mbili na kubeba mzigo sawa kwa kila mita, w, hupata katikati yake momenti ya kupinda ya wL²/8, na hushuka kwa kiasi cha 5wL⁴/384EI, ambapo L ni upana, E ni ugumu wa mti na I hutokana na umbo la kipande chake. Angalia vipeo. Ukitoka mita 2.5 ukaenda mita 3, urefu umezidi kwa asilimia 20, momenti imezidi kwa asilimia 44, lakini kushuka kwa dari kumezidi maradufu, kwani 1.2 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 2.07. Unene nao unafanya kazi upande wa pili: kwa mti wa mviringo I ni πd⁴/64, hivyo boriti ya sentimita 10 ni ngumu kupinda karibu mara mbili na nusu kuliko ya sentimita 8. Fomula hizi usizikariri. Zitafute kwa integresheni, ukianza na mzigo na kufika kwenye kushuka. Ni integresheni nne zinazofuatana, zote za polinomia, ambazo mwanafunzi wa kidato cha nne anaziweza.

Mhandisi mzuri ataongeza neno hapo. Ncha za boriti zetu hazikuegemezwa tu. Zimezikwa katika kuta nene za mawe na chokaa. Ncha zikishikwa kabisa kushuka hupungua mara tano, na ukweli wa nyumba yako uko mahali fulani kati ya majibu hayo mawili. Kujua jibu liko kati ya nini na nini ni kazi kubwa ya fani hii, na mitihani haiipimi sana.

Hatua ya sita: aljebra ya mstari

Kwa hii sina mengi. Tazama mhadhara wa kwanza wa 18.06, ambapo Strang anaonyesha kwamba milinganyo miwili yenye vigeu viwili inaweza kutazamwa kwa safu, yaani mistari inayokatana, au kwa nguzo, yaani vekta zinazochanganywa kwa vipimo fulani. Mtazamo wa pili ndio wa chuo. Kisha fanya uondoaji wa Gauss, yaani kuviondoa vigeu kimoja kimoja mpaka kibaki kimoja, kwa mkono mpaka matriki za tatu kwa tatu zisikutishe. Kani katika mihimili ya paa na mikondo katika sakiti ya umeme wa jua hupatikana kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya saba: milinganyo tofautishi kwa kikombe cha kahawa

Mlinganyo wa kawaida hukuuliza namba. Mlinganyo tofautishi hukuuliza fankisheni nzima, ukipewa tu habari ya namna inavyobadilika. Mwagia kahawa kikombeni na uipime kwa kipimajoto. Kanuni ya Newton husema kasi ya kupoa hulingana na tofauti kati ya joto la kahawa na la hewa. Ikiwa kahawa ilianza nyuzi 90 za Selsiasi, hewa ni 30, na baada ya dakika 5 kahawa ni 70, basi tofauti imetoka 60 ikawa 40, yaani thuluthi mbili. Dakika 5 nyingine zitaipunguza tena kwa uwiano ule ule, na kahawa itakuwa karibu 56.7. Itafika 40 baada ya dakika 22 hivi. Tatua mlinganyo wenyewe kwa eˣ na uhakikishe namba zangu, kisha linganisha na kipimajoto. Kikombe cha kauri na upepo wa barazani vitakuonyesha mahali kanuni inapolegea.

Mlinganyo wa aina hiyo, kwa sura nzito zaidi, ndio unaotawala njia ya chombo cha anga. Na si mbali nasi: Ngomeni, karibu na Malindi, lipo jukwaa la San Marco baharini ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza iliyotengewa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mahali palichaguliwa kwa ukaribu wake na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hukipa chombo kinachoelekea mashariki mwendo wa mita 465 kwa sekunde, kivyake, kabla mafuta hayajawashwa.

Hatua ya nane: programu moja, si tano

Weka GeoGebra kwenye simu kwa ajili ya grafu, na kama una kipakatalishi weka GNU Octave au Python. Zote ni za bure. Zoezi la kwanza liwe hili: jumlisha mawimbi mawili ya kosini, moja la kipindi cha saa 12.42 la mwezi, na jingine dogo zaidi la saa 12 la jua, uyachore kwa siku thelathini. Utayaona yakikua pamoja kisha yakififishana, na yakirudi kukua kila baada ya siku 14.77. Bamvua na maji mafu hayo, kutoka mistari mitatu ya programu.

Siku ya kuripoti

Beba daftari la istilahi na mazoezi uliyoyafanya, hata yaliyokosewa. Wiki ya kwanza tafuta mitihani ya miaka iliyopita ya kila somo, maktaba au kwa waliokutangulia, na uunde kundi la watu watatu au wanne wa kufanya maswali pamoja. Kundi la kumi hugeuka baraza. Uliza ni vikokotoo gani vinavyoruhusiwa kabla ya kununua kingine. Na mlangoni mwa chumba cha mtihani, washa chako na uangalie juu ya kioo: panapaswa kuwa na herufi R, si D.